Vichupa Kumi na Kimoja

"Sekela Mwaisumo, u salama," sanduku la vipimo lilisema. "Umebakiza miaka tisa na miezi mitano. Rudi tarehe yako ikifika."

Nesi Bupe akabonyeza tena. Hiyo ilikuwa mara ya nne, na mara zote nne sanduku lilikirudisha kichupa cha Sekela kwenye trei bila hata kukifungua. Nje ya zahanati ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mashamba ya chai, na Sekela alikuwa amekaa upande kwenye benchi, kitenge kimefungwa juu ya kitenge kingine, na hicho cha pili juu ya kanga kuukuu.

"Liambie natoka damu," alisema.

"Haliambiwi, dada. Linaangalia tarehe tu."

"Natoka damu miezi kumi sasa, Bupe. Nina miaka hamsini na moja. Hedhi niliiaga zamani."

Bupe alinitazama mimi, niliyesimama mlangoni na begi langu la mhudumu wa afya begani. Alikuwa binti mdogo, mzuri wa kazi, lakini hakufundishwa kumtazama mwanamke kwa macho yake mwenyewe. Chuoni walimfundisha kulisikiliza sanduku. Zamani, nilipoanza kazi hii, manesi walipaka siki kwenye mlango wa kizazi, wakamulika taa, wakaona palipobadilika rangi kuwa peupe. Siku hizi ukimwambia nesi habari ya siki atafikiri unataka kachumbari.

"Mwandikie rufaa," nilisema.

"Nitaweka sababu gani, Mama Ipyana? Mfumo unataka sababu. Mwanamke aliyeambiwa salama hana rufaa."

"Andika mhudumu wa kata amesema."

"Amesema nini?"

Sekela ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, na ndiye aliyenishika mkono siku ya kumzika kaka yake. Alikuwa ananitazama kwa imani yote aliyokuwa nayo.

"Amesema sanduku limekosea," nilisema.

Bupe akacheka kidogo, kwa woga. Kwenye kata yetu hakuna aliyewahi kusema maneno hayo.

*

Sanduku hilo akina mama waliliita Shangazi. Lilikuwa na sauti ya mwanamke mtu mzima, na lilijua mambo ya chini ya kitenge ambayo huwezi kumwambia mama yako mzazi. Lilikuja kwa ajili yetu sisi, kizazi kilichopitwa na chanjo. Binti zetu walidungwa sindano shuleni na kirusi hakikuwapata. Sisi tulikuwa tumeshazaa chanjo ilipofika, na kwa miaka mingi tulizikana wenyewe kwa wenyewe, wanawake wa miaka arobaini na kitu, harufu ya ugonjwa ikifichwa kwa ubani na waombolezaji wakijifanya hawaisikii.

Kilichonikera kuliko vyote ni kwamba saratani hii ina subira. Kirusi kikikaa, huchukua miaka kumi, hata kumi na mitano, kabla seli za mlango wa kizazi hazijageuka kuwa kitu cha kuua. Muda wote huo unaweza kuzikuta na kuziunguza kwa dakika moja, mama akarudi nyumbani kupika. Hakuna mwanamke aliyepaswa kufa kwa jambo hili, na walikufa.

Shangazi alisoma kichupa. Mwanamke alijipitishia brashi laini mwenyewe, nyumbani kwake, mlango umefungwa, akaitia kwenye kichupa chenye maji ya chumvi na kunikabidhi mimi. Sanduku lilitafuta kirusi, likapima kimekaa muda gani na kimeshafanya nini, kisha likabashiri. Aliyekuwa na mabadiliko aliitwa. Aliyekuwa hana chochote aliambiwa yu salama kwa miaka kumi na miwili, na tangu siku hiyo Shangazi hakumpokea tena mpaka tarehe yake. Walioliunda waliona wanawake wenye hofu watarudi kila mwezi na kumaliza vichupa, kwa hiyo wakaliwekea kufuli.

Na lilikuwa na jambo jingine. Halikuruhusiwa kusoma vinasaba vya mwanamke mwenyewe, vya kirusi tu. Tuliipigania sheria hiyo sisi wenyewe, tukaandamana hadi wilayani na vitenge vya sare, kwa sababu waume walikuwa wameanza kuulizia watoto ni wa nani. Hata mimi nikakatazwa kuandika majina. Kichupa kilikuwa na namba, jina alilijua Shangazi peke yake, na vichupa vikishasomwa vilichomwa moto. Tulishinda, tukapiga vigelegele.

Sasa nieleze nilichofanya.

Kulikuwa na kifaa cha kuunguzia, kidogo kama mwiko, ambacho wanawake walikiita Pasi. Wilaya nzima ilikuwa nazo tatu. Wakubwa wakatangaza kwamba kata itakayopima wanawake wake wote, mia kwa mia, itaachiwa Pasi yake moja kwa moja. Tisini na tisa kwa mia haitoshi. Ningependa kumjua aliyekaa ofisini akaamua hivyo, nimuulize kama alishawahi kumngoja mwanamke atoke shamba. Sisi tulikuwa mia nne na kumi na wawili. Nilitembea majuma matatu, nikapata brashi zote mia nne na kumi na mbili, na siku ya mwisho droni ya wilaya ilikuwa ije saa kumi na mbili jioni kuchukua kasha la vichupa, vikasomwe kwenye sanduku kubwa la wilayani.

Siku hiyo ndiyo aliyozikwa mzee Mwankenja. Njia yangu ilipita pale. Kwetu hupiti kwenye msiba na begi begani ukisema una kazi. Utasemwa mpaka utakapozikwa wewe. Niliingia jikoni nyuma ya migomba, wakanipa mwiko, na begi nikaliweka chini karibu na mafiga nisilipoteze machoni. Nilipika ugali wa watu mia mbili. Nilipokuja kuliinua, mfuko wa nje ulikuwa wa moto. Vifuniko vya vichupa kumi na kimoja vilikuwa vimelegea na brashi zimekauka kama mashuke ya mtama.

Saa kumi na moja na robo. Wenye vichupa wametawanyika, nusu yao wako makaburini.

Kwenye kikundi chetu cha akina mama, asiyeweza kuja mkutanoni humwambia mwenzake, nisainie. Unamsainia. Leo kwake, kesho kwako, wala hakuna anayeona kuwa ni uongo. Ni kumsitiri mtu. Mimi ndiye katibu, nimefumba macho mbele ya saini nyingi za watu wasiokuwepo. Kwa hiyo nilipojifungia chooni pale zahanati na brashi kumi na moja za akiba, neno lililonijia kichwani lilikuwa hilohilo. Nawasainia. Mimi nilishapimwa, mimi ni mzima, na wao bila shaka wazima. Nilijipitishia brashi ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, mpaka ikaniuma, nikazitia kwenye vichupa vyao vilevile, vyenye namba zao, na maji mapya ya chumvi. Droni ikaja kwa wakati wake.

Shangazi alituma ujumbe kwenye simu zao wote kumi na mmoja: u salama. Alisema kweli. Ila aliyekuwa salama ni mimi.

*

Sekela alirudi kutoka hospitali ya mkoa baada ya juma moja. Nilimkuta uani kwake asubuhi, anamenya ndizi kwa kisu kifupi, beseni katikati ya miguu. Alikuwa amekonda usoni ila mikono bado ilikuwa ileile.

"Hatua ya tatu," aliniambia hata kabla sijakaa. "Wamesema imeshapanda kwenye mirija ya mkojo. Watanichoma mionzi, lakini daktari alikuwa anaongea na karatasi, haongei na mimi. Nikajua."

"Wifi..."

"Nimewauliza imeanza lini. Wamesema ilikuwepo miaka, Mama Ipyana. Miaka. Sasa Shangazi aliona nini?"

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, mazuri, yenye kuzunguka. Yote yakapotea. Nikamweleza msiba, mafiga, mfuko wa moto, choo cha zahanati. Alikuwa anamenya. Nilipofika kwenye brashi alisimamisha kisu.

"Brashi yangu ilikuwa ni wewe."

"Ndiyo."

"Nilikuuliza," alisema. "Damu ilipoanza nilikuuliza. Nikakuuliza tena wakati wa mavuno ya viazi. Nikakuuliza na Pasaka, mbele ya kanisa. Mara tatu. Kwamba, wifi, hivi Shangazi anaweza kukosea? Ukasema hapana."

Nikaanza kulia.

"Usinililie hapa. Kalilie kwako." Hakupaza sauti. Alichukua ndizi nyingine, akaitazama, akairudisha. "Ungeniambia hata ile mara ya kwanza. Ile ya kwanza tu. Ungekuja kwa siri, nisingemwambia mtu, ningekwenda mwenyewe huko mkoani kwa miguu. Mimi ningekusitiri, unanijua."

Namjua. Hilo ndilo linaloniua. Nilijiambia damu ile ni ya ukomo wa hedhi, ni uvimbe tu, ni kitu kingine chochote. Nilikuwa naogopa, na woga wangu nikaupa majina ya kitaalamu.

"Wengine ni akina nani?" aliuliza.

"Tisa ukiwemo wewe nawakumbuka, ndio niliopokea kwao siku hiyohiyo. Vichupa viwili vilikuwa vimebaki kwenye mfuko ule tangu juma lililotangulia. Sikumbuki ni vya nani."

"Hukumbuki."

"Nimejaribu, wifi. Nimezunguka njia zote upya. Sikumbuki."

Sekela akanawa mikono taratibu, akajifuta kwenye kitenge. "Basi toka," alisema. "Kawatafute. Na ukishawapata usije kunitaarifu."

*

Dakta Rweyongeza, mratibu wa wilaya, alinisikiliza akiwa amefunga mlango wa chumba cha Bupe. Ni mtu wa Bukoba, mpole, amekaa milimani kwetu miaka sita na bado anavaa makoti mawili. Nilipomaliza akasimama na kulifungua kabati la chuma. Pasi ilikuwa mle ndani kwenye chaji yake, taa ya kijani inawaka.

"Unajua imewatibu wangapi tangu iletwe hapa?"

"Thelathini na wanane."

"Wanawake thelathini na wanane wa kata hii wangekuwa wanaelekea alipo Sekela. Wako shambani. Kwa sababu uliongopa." Akafunga kabati. "Sikusifii, mama. Nakueleza hesabu ilivyo."

"Naijua."

"Wilaya ikisikia kata hii haikutimiza mia kwa mia, gari litakuja kuichukua Pasi. Haijalishi nitasema nini. Itapelekwa kwenye foleni na wengine. Halafu wanawake. Mlichukua miaka minne kuwafanya wakubali lile sanduku. Siku wakisikia vichupa vilichezewa, nani atakupa tena brashi? Nani atampa hata Bupe?"

Alikuwa anasema yale niliyojisemea usiku na mchana kwa miezi kumi.

"Nina kibali cha kufungua kufuli kwa vichupa vichache," aliendelea. "Vya kusahihisha mitambo. Wale wanane waliobaki unaowakumbuka, waite kimyakimya. Waambie ni marudio ya kitaalamu. Tutawapima juma hili, mwenye shida tunamtibu hapahapa."

"Na wale wawili?"

"Mama Ipyana, huenda ni wazima."

"Sekela naye huenda alikuwa mzima."

Akavua miwani, akaifuta kwenye koti la juu, kisha kwenye la ndani. "Kuwapata wawili ni lazima uwaambie wote mia nne. Ukiwaambia wote, unapoteza Pasi, na mwakani mwingine atakayehitaji kuunguzwa hataipata. Utakuwa umemuua huyo badala ya hawa. Mimi sijui njia iliyo safi. Kama ipo, nionyeshe."

Sikuwa nayo. Nilikubali, na nilikubali kwa furaha, jambo ninaloona aibu kulisema hata sasa. Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Wanane wangeokoka, Pasi ingebaki, jina langu lingebaki. Kwa hao wawili nilijiambia wana bahati yao. Mkutano wa kikundi ulikuwa kesho yake, ningewaita wale wanane kando mmoja mmoja.

*

Akina mama walijaa ukumbi wa kanisa mpaka kwenye ngazi, kwa kuwa mkutano ulikuwa wa kugawa mbegu za viazi. Dakta Rweyongeza alikaa nyuma na mkoba wake, tayari kuwapeleka wale wanane zahanati. Daftari la mahudhurio likazunguka kama kawaida, kutoka benchi hadi benchi, likaishia mikononi mwangu ili nisome idadi.

Nilikuwa nashuka na kidole. Kidole kikasimama.

Sekela Mwaisumo. Mbele yake, saini.

Sekela alikuwa kitandani kwake, hawezi kugeuka bila kushikwa. Nilimpita asubuhi ile nikimsikia anaguna kupitia dirishani, na sikuingia kwa sababu alinifukuza.

"Nani amemsainia Sekela?" niliuliza.

Mama Lusajo, kiongozi wa kwaya, akainua mkono bila wasiwasi. Ni mwanamke mnene, mcheshi, asiyekaa kimya hata kwenye sala. "Mimi, katibu. Mwenzetu yuko hoi. Ningemwacha aonekane mtoro kwenye siku ya mbegu?"

Wakaitikia wote kwa pamoja kwamba amefanya vizuri. Hawakuwa na ubaya wowote. Walimpenda Sekela, na hivi ndivyo tunavyopendana. Niliitazama saini ile, ilivyoandikwa kwa uangalifu na mkono wa mtu mwingine. Nikajua kuwa sitaweza kuwaita wanane kando.

Nikasimama. Nikasema.

Sikuzunguka safari hii. Nilisema msiba wa Mwankenja, nilisema mafiga, nilisema choo. Nilisema vichupa kumi na kimoja, mwili mmoja, wangu. Nilitaja majina tisa. Sekela nikamtaja wa kwanza. Wanane wakasimama mmoja mmoja kila nilipowataja, kama watoto wanaoitwa na mwalimu, na kwa uso wa kila mmoja niliona ameshaanza kujihisi tumboni. Mmoja alikuwa dada wa mchungaji. Mmoja alikuwa jirani yangu, tumeazimana chumvi miaka ishirini.

"Wamebaki wawili," nilisema. "Siwakumbuki. Wako kati yenu."

Hakuna aliyepiga kelele. Nilitegemea kelele, nilitegemea hata mawe, na ningeyashukuru. Walikaa. Kisha Mama Lusajo, aliyekuwa bado ameshika kalamu, akaja mbele akasimama karibu yangu kabisa. Ucheshi wote ulikuwa umemtoka.

"Mimi je?" aliuliza.

"Sijui, Mama Lusajo."

"Ulikuja kwangu siku gani kuchukua? Si ulikuja siku ya mvua kubwa?"

"Sijui. Huenda."

"Nimeambiwa salama. Nimekaa nikiwa salama. Nina watoto wanne, Mama Ipyana."

"Sijui."

Akapisha. Nyuma yake alikuwa amesimama mwingine, na nyuma ya huyo mwingine, foleni imejipanga yenyewe hadi mlangoni, kama wanavyojipanga siku ya kutoa sadaka.

"Mimi je?"

"Sijui."

"Mimi je, katibu?"

"Sijui, dada."

Kwa juu ya vichwa vyao nilimwona Dakta Rweyongeza akiweka miwani yake kwenye mkoba, akaufunga, akatoka bila kuaga. Nilijua anakwenda kupiga simu, kwamba ni kazi yake, na kwamba gari la wilaya litafika kabla ya saa nane. Pasi ingeondoka siku hiyohiyo. Baadhi ya wanawake walitoka naye, kina mama vijana, wakisema kwa sauti kwamba sanduku lile likachomwe. Wengine walibaki kwenye foleni.

"Mimi je?"

Daftari lilikuwa bado wazi mezani mbele yangu. Nikaikata ile saini kwa mstari mmoja, na mbele ya jina la Sekela nikaandika: hayupo. Kisha nikainua kichwa kumsikiliza aliyefuata.